Mbuzi Aliyeitwa Kondoo

Kitengela,
Barabara ya Namanga,
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa dada Tabitha,

Takwenya! Najua salamu hii umeshaijibu "Iko" kwa sauti hapo ulipoketi, na Faysa unayeishi naye amegeuka kukutazama akidhani umepokea simu. Mwambie ni barua. Mwambie sisi wawili tulianza kuandikiana kabla hatujaruhusiwa kushika simu ya mtu, na tumekataa kuacha.

Habari ya afya yako? Wajir kukoje, na lile joto ulilosema linamfanya mtu aone maji mahali pasipo na maji? Kile kifundo cha mguu kimepona, au bado unasimama wodini ukiwa umeegemea upande mmoja? Na wale akina mama wanaokuja kujifungua, bado wanakuita binti yao wa Kajiado? Mimi ni mzima kabisa, mzima mpaka naona haya kulisema. Mama mkwe ni mzima, ila goti humsumbua asubuhi. Nyumbani Kajiado wote hawajambo. Baba alipiga simu jana akasema mvua haijanyesha lakini ng'ombe wana nafuu, na kwamba shangazi, mama yako, anauliza kama unakula.

Acha nianze na furaha kabla sijaanza kulalamika. Dada, nimeolewa! Najua unajua, wewe ndiwe uliyeshika shela yangu isiguse vumbi mwezi wa nne. Lakini mimi bado nashangaa upya kila nikiamka. Sankale hurudi kutoka kubeba mawe ya machimbo akiwa mweupe kuanzia kope hadi viatu, kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga, na kabla hajanawa huniita kutoka langoni, "Resi, njoo uone mume wako alivyozeeka!" Nami hutoka kumwona, kila siku, kana kwamba sijawahi kumwona. Asubuhi hunipangusia viatu vyangu kabla sijaenda dukani. Nilimwambia vitachafuka tena kabla sijafika barabarani. Akasema basi vichafuke vikijua vilipendwa. Tabitha, niambie, mwanamume wa lori la mawe alijifunza wapi maneno kama hayo?

Sasa niache kuchekacheka, maana nimeketi kuandika nikiwa na hasira. Kitabu cha kumi na moja kimetoka.

Hasira hii ingekuwa ya kitabu tu kama usingesema lile ulilosema kwenye simu mwezi wa saba. Ulisema, ukicheka nusu, "Simaloi anaolewa kitabu kijacho. Wacha kwanza nione ataishi vipi ndani ya ndoa, ndio nimjibu Ledama." Nami nikacheka nusu. Lakini nimekujua tangu tukivaa soksi zilizolegea, na ile nusu nyingine haikuwa kicheko. Ledama amekuomba akuoe, anangoja jibu, na wewe umelichukua jibu hilo ukaliweka mikononi mwa mtu anayetunga hadithi za wafu. Ndiyo maana nimekisoma kitabu hiki na roho mkononi.

Faysa, kama Tabitha anakusomea barua hii, na najua anakusomea, ni hivi. Hivi ni vitabu vya kutisha, mfululizo wake unaitwa *Mgeni Asiye na Jina*, na sisi tumevisoma tangu kidato cha kwanza, nakala moja tukipokezana, kila nakala ikiwa na barua ndani yake. Simaloi ni karani wa soko la mifugo Kajiado. Kazi yake ni kuandika vibali vya ng'ombe, lakini karama yake ni kuwasikia wafu, kwa sababu wafu hurudi sokoni wakiwa wamevaa sura za watu walio hai. Mfu anajua kila kitu. Anajua jina lako, ukoo wako, hata lakabu uliyopewa ukiwa mtoto. Asichokijua ni kimoja. Kwetu Wamaasai, mtu akikupa mnyama, mnaacha kuitana kwa majina yenu. Akikupa kondoo mnaitana Paker. Akikupa mbuzi ni Pakine. Jina hilo ni la watu wawili, aliyetoa na aliyepokea. Na katika vitabu hivi mfu hawezi kulijua, kwa kuwa aliyekufa ameachilia vyote alivyotoa na vyote alivyopokea. Basi Simaloi akimshuku mgeni humwuliza swali moja tu, "Wewe huwa unaniitaje?" Kisha anangoja. Faysa, kungoja kule ndiko kulikotumaliza sisi.

Tabitha, unakumbuka tulivyoulizana swali hilo kupitia mlango wa bafu la bweni? Hatukuwa na kondoo wa kupeana, tukapeana biskuti, ukawa Pabiskuti wangu. Matroni akadhani ni matusi.

Haya. Sasa sikia walichotufanyia safari hii.

Soko halimo. Kitabu kizima! Simaloi amehamishiwa Nairobi kwenye jumba lenye lifti, na kwa kurasa na kurasa tunatazama helikopta ikimfukuza tajiri mmoja ambaye hata jina lake nimelisahau. Mfu anataka helikopta ya nini? Lile soko letu, lenye vumbi na madalali wanaopigiana kelele, ambapo mtu angeweza kusimama katikati ya ng'ombe, na ng'ombe wakajitenga naye polepole bila yeyote kuwaswaga, mpaka msomaji anavuta miguu juu ya kitanda, limetajwa mara moja tu, kama mahali palipopitwa na gari.

Halafu yule mzee mwenye jicho moja, aliyeteketea kitabu cha nane, ukakataa kula maharagwe kwa huzuni, amerudi. Amerudi tu! Anaingia, anaagiza chai, na hakuna anayemwuliza alikuwa wapi. Na macho yake sasa ni mawili. Nilirudia ukurasa ule nikidhani mimi ndiye niliyekosea kusoma.

Hayo ningeyameza. La Simaloi ndilo lililonikwama kooni. Anaolewa mapema kabisa na daktari mmoja mwenye meno meupe, na tangu siku ya harusi yeye hawasikii wafu tena. Karama imeondoka. Eti ndivyo ilivyo, mwanamke akipata mume hahitaji tena kusikia ya nje. Mume ndiye anayefuatilia wafu, mume ndiye anayepanda helikopta, na Simaloi anabaki nyumbani. Nilitafuta sauti yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, na sentensi niliyoipata ni hii, "Chakula kiko tayari." Simaloi! Yule aliyemkatiza chifu mbele ya baraza akamwambia, "Kaa chini, wewe ulizikwa Jumanne!"

Nilikifunga kitabu nikamgeukia Sankale, aliyekuwa akianika mashati.

"Mimi nimeolewa," nikamwambia. "Mbona bado nasikia kila kitu?"

"Wewe?" akasema, na kibanio kikiwa mdomoni. "Wewe unasikia mpaka yale sijasema."

Sasa nikuambie kuhusu mbuzi, maana hapo ndipo hasira yenyewe ilipo.

Siku hizi huwa nasoma kwa sauti Jumapili baada ya kanisa. Sankale hulala chali kwenye mkeka, na mama mkwe, akiwa ametutembelea, hutunga shanga. Anasema yeye hasikilizi mambo ya mapepo, ila shanga zake husimama kila pepo linapokaribia. Mimi na yeye tunaitana Paker, maana alinipa kondoo jike pale langoni siku ya harusi. Dada, siku ya kwanza nilisahau nikamwita Mama. Alinyamaza mpaka wifi akanifinya. Sasa nalitamka jina hilo hata bila sababu. Nikiwa jikoni nasema, "Paker, chumvi iko wapi?" na chumvi naiona.

Basi Jumapili iliyopita nilifika mahali baba mkwe wa Simaloi anabisha mlango. Sisi wasomaji tunashuku kwamba amekufa njiani, Simaloi hajui. Mzee anasema kutoka nje, "Paker, nifungulie, ni mimi."

Mama mkwe akaweka shanga chini. "Rudi nyuma. Siku ya harusi huyo mzee alimpa bibi harusi nini?"

Nikarudi nyuma nikatafuta. "Mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi mweupe, sikio moja limekatwa."

"Na sasa anamwita Paker?"

"Ndiyo, Paker."

"Basi huyo si mtu! Mwambie msichana asifungue!"

"Siwezi kumwambia, Paker, ni kitabu."

"Mwambie!"

Tabitha, nilipiga yowe mpaka jirani akabisha ukutani. Umeona? Alitoa mbuzi, kwa hiyo jina lao ni Pakine. Mfu hajui jina la zawadi, kwa hiyo amebahatisha, na amebahatisha vibaya! Nikasema mwandishi wetu bado yuko. Nikasema helikopta zote zile zilikuwa za kutupoteza macho, na lile jambo la karama kuondoka pia ni mtego, Simaloi anajifanya tu, amelisikia kosa, ataliacha lile jina lining'inie hapo mlangoni, kisha atauliza swali. Nilikumbatia kitabu, dada. Sankale aliketi wima. Alikuwa ameahidi kwenda kutazama mpira na wenzake, akawaambia ana mgeni.

Tukasoma. Simaloi akafungua mlango. Mzee akaingia, akaketi, akala. Nikasema bado, subirini, anamchezea. Chai ikapoa. Mzee akasimulia hadithi ndefu kuhusu hisa. Nikasema subirini. Sura ikaisha, nyingine ikaanza, na mzee akaja kugunduliwa kwa kamera ya mlangoni, kwa sababu eti haonekani kwenye picha. Kamera! Na ukurasa wa mwisho yule daktari anamweleza mkewe, akimpapasa kichwa, "Wafu wa siku hizi wanajua majina yote, mpenzi, hata yale ya zawadi."

Nilikaa na kitabu mapajani kama mtu aliyeambiwa basi lilishaondoka. Hapakuwa na mtego. Mwandishi aliamini kwamba mzee ameita jina sahihi. Aliandika mbuzi harusini, akaandika Paker mlangoni, na wala yeye wala waliokipiga chapa hakuna aliyeshtuka. Lilikuwa kosa tu. Sisi watatu kwenye mkeka tulimtungia mtu huyo kitabu kizuri kuliko alichokiandika.

Mama mkwe alirudia shanga zake. Baada ya muda akauliza, kwa upole hasa, "Huyu aliacha kwenda kwao lini?"

Swali hilo ndilo linaloniuma. Mtu aliyetufundisha kuogopa kwa kutumia jina la kondoo, sasa hamjui kondoo.

Jumatatu nilienda kazini bado nimefura. Unamjua Nasro, mwenye duka la vitabu na sare za shule ninapofanya kazi. Nilimwambia azirudishe nakala zilizobaki.

"Wallahi, Resian," akasema, "mimi nauza kitabu, siuzi mwisho wake. Na wacha kuongea na wateja. Asubuhi hii umenifukuzia mwalimu mzima."

"Sikumfukuza, nilimwonya."

"Alikuja na kikapu, akaondoka na kalamu moja! Hiyo ni kuonya?"

Lakini, Pabiskuti, sikuandika haya yote kwa ajili ya mwalimu.

Najua unachokiogopa. Hukiogopi kitabu, wala humwogopi Ledama. Unaiogopa ile cherehani ya dada yako mkubwa. Kajiado nzima ilikuwa ikivaa nguo alizoshona, na tangu aolewe Ngong cherehani imefunikwa kitambaa na juu yake pamewekwa televisheni. Nilipoenda kumwona mwezi wa sita nilimwuliza kama bado anashona. Akasema, "Wakati ukipatikana." Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayejibu salamu. Nilipofika kwenye lile "Chakula kiko tayari" nilimsikia yeye, na nikajua kwamba wewe pia ungemsikia yeye, na kwamba Ledama amekwisha.

Sitakudanganya kwa sababu mimi nina furaha. Wiki ya pili nililia bafuni, bomba likiwa wazi, kwa kuwa hakuna mtu nyumba hii aliyejua kwamba mimi sinywi chai yenye tangawizi, na nikaona haya kusema. Nilikunywa tangawizi wiki nzima nikitabasamu. Jumamosi nikaiweka chini nikasema, "Mimi hii siipendi." Sankale akanitazama kama niliyemwambia nyumba inaungua. "Na ulikuwa unakunywa?" akasema. "Resi, kwani mimi ni nani, polisi?" Basi. Hicho ndicho ninachokijua kuhusu ndoa mpaka leo. Kuna siku unanyamaza mwenyewe, bila mtu kukunyamazisha, na inabidi uiweke chini hiyo chai. Dada yako sijui kama alinyamazishwa au alinyamaza. Sijamwuliza, na ningependa tumwulize pamoja. Lakini huyo mwandishi ndiye asiyejua kabisa, maana hakumpa hata Simaloi nafasi ya kuchukia kikombe cha chai.

Sasa Ledama. Kaa vizuri.

Jana alasiri nilikuwa nachambua mchele pale mlangoni, nikaona pikipiki inasimama, na lile sanduku lake la chanjo limefungwa nyuma. Ametoka kuchanja ng'ombe upande wa Isinya, buti zina samadi mpaka kwenye kamba. Nikamkaribisha. Hakuketi. Akafungua koti akatoa kitabu. Kitabu cha kumi na moja! Ledama, ambaye ulisema hajawahi kumaliza hata gazeti.

"Shem," akasema, "nimekwisha."

"Umekisoma?"

"Chote. Na sijui huyo mzee wa macho mawili ni nani, lakini nimesoma."

Ikawa kwamba Sankale alimwambia. Wanaume hawa wakikutana kwenye kituo cha mafuta hawana siri. Alimwambia, "Ndugu yangu, jibu lako liko dukani kwa Nasro," naye akaenda akanunua siku ambayo mimi sikuwa kazini, na akawa anasoma huku ng'ombe wakipangwa foleni. (Nimemkasirikia Sankale kwa urefu wa chai moja. Akanipikia nyingine, bila tangawizi.)

"Hebu niambie, shem," Ledama akaendelea, akakipiga kitabu kwa kiganja. "Huyu mtu ameandika mbuzi, halafu akaita kondoo. Uliona?"

"Niliona."

"Mimi nachanja mbuzi na kondoo kila siku ya Mungu. Kwa hiyo mtu hajui mbuzi, hajui kondoo, na ndiye anaamua kama nitaoa?"

Sankale alicheka mpaka akatoka nje. Mimi pia nilicheka, lakini Ledama hakuwa anacheka, Tabitha. Aliketi mwishowe, akakipindua kile kitabu mikononi, akasema taratibu, "Usimpelekee. Mwambie kimechelewa. Mwambie kimepotea kwa basi. Mpaka Desemba tu, watu wangu wawe wameshapeleka asali ya posa kwa baba yake."

Na nitakuambia ukweli, dada, nilikaribia kukubali. Nakutaka hapa. Nataka uolewe karibu, tupelekeane sufuria, watoto wetu wagombane. Nakala ya kukutumia ilikuwa kabatini, chini ya mataulo, na nilijua hungenishuku. Nilimwambia nitafikiri. Akaenda. Usiku sikuwa na raha, na Sankale akaniuliza kwa nini nageukageuka, nikamwambia nafikiria mataulo.

Leo asubuhi, kabla hatujatoka kwenda kanisani, pikipiki ile ile. Safari hii buti zimeoshwa. Ledama alisimama nje ya lango, hakutaka hata kuingia.

"Shem, peleka," akasema. "Peleka hiki changu, kile chako kaa nacho."

"Kwa nini umebadilika?"

"Nimelala vibaya. Nikifichia Tabitha kitabu leo, kesho nitamfichia nini? Na yeye ataolewa na nani, na mimi, au na mtu wa uongo niliyemwonyesha badala yangu?" Akakuna shingo. "Kama atanikataa, anikatae kwa makosa yangu. Niko nayo ya kutosha. Asinikatae kwa ya daktari."

Halafu akasema lile ambalo nimeketi kukuandikia. Amezungumza na baba yake alfajiri ya leo. Amemwambia hakuna atakayebeba asali kwenda kwa baba yako mwezi wa Desemba, wala mwezi mwingine wowote, mpaka wewe upige simu useme ije. Wazee wake hawakufurahi. Mjomba wake alimwuliza tangu lini asali ikamngoja msichana. Ledama alisema alijibu, "Tangu jana," na akaona ni heri aondoke kabla ya chai.

Sankale alinitazama, mimi nikamtazama Sankale, na nakuapia tulikuwa karibu kupiga makofi kama watu walio kwenye sinema.

Kwa hiyo kitabu kiko ndani ya kifurushi hiki, dada. Ni nakala ya Ledama. Ukisikia harufu ya ng'ombe, umejua. Kisome. Kasirika. Nenda mpaka mwisho, usiruke kurasa za helikopta, tuwe tumeteseka sawasawa. Halafu kifunge ukiweke pembeni, kwa maana hakuna kitu humo kinachokuhusu. Ile kazi yako ya wodini, ile sauti yako, hofu yako kuhusu dada yako, yaulizie kwa Ledama mwenyewe. Mwulize kama unaweza kubaki Wajir mpaka mkataba uishe. Mwulize atafanya nini siku utakapochoka. Mwulize mambo magumu, na umsikilize anavyojibu. Anangoja hapo Isinya na simu yake imejaa chaji, na amekataza ng'ombe wasimsumbue saa za jioni.

Ukimkubali, nitaimba mpaka jirani abishe ukutani tena. Ukimkataa, nitalia siku moja, kisha nitapanda basi nije Wajir tukae, na sitakuuliza kwa nini. Lakini umpigie yeye. Usinipigie mimi kwanza, wala usinitume nimwambie. Nimechoka kusikia wanawake wakisemewa na watu wengine, na nimechoka hasa kwa sababu ya kitabu hiki.

Nasro anakusalimu na anasema ukija ununue kitu. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama Wajir kuna shanga nyekundu nzuri. Baba na shangazi wanakusalimu sana, na shangazi bado anauliza kama unakula. Sankale anakusalimu na anakuomba msamaha kwa mdomo wake. Nawe nisalimie Faysa, mwambie namshukuru kwa kukufundisha kupika ile anjera, na kwamba siku moja nitaijaribu na kushindwa mbele yake.

Mungu akulinde katika joto hilo, ayafanye mepesi macho yako na mikono yako mbele ya wagonjwa, na akupe moyo unaojua unachokitaka.

Ni mimi, dada yako ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,

Resian wa Sankale (bado napenda kuliandika!)